Mkasi wa Kinyozi na Mgadenia wa Mwalimu

Fundi alinyoa watu kwa miaka arobaini na mmoja, na siku alipofunga duka, yaliyokuwa yamechoka ni magoti. Mikono ilikuwa mizima kabisa. Hilo ndilo lililoleta balaa lote, maana mkono uliozoea mkasi haustaafu eti kwa sababu goti limestaafu.

Mtaa mzima walimwita Fundi tu, hata watoto waliozaliwa baada ya duka kufungwa na ambao hawakujua alikuwa fundi wa nini. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye masharubu yaliyonyooka kama mstari uliopigwa kwa rula. Masharubu hayo ndiyo yaliyokuwa tangazo lake la biashara. Aliyapunguza kila asubuhi mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kwenye nguzo ya baraza, na tangu mwaka wa pili wa ndoa hakuna kiumbe aliyeuona mdomo wake wa juu, mkewe akiwemo.

Dukani, juu ya kioo kikubwa, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MWENZAKO AKINYOLEWA, WEWE TIA MAJI. Chini yake liliwekwa bakuli la bati lenye maji, na wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka, kisha wakachovya vidole na kulowesha nywele kweli, wakingoja zamu. Walipoondoka wakijipapasa kisogo walisema maneno yale yale: "Fundi, una mkono mzuri." Aliyasikia mara nyingi hadi akayaona kama jina lake la ukoo.

Mkewe alikuwa Mwalimu, naye hakuwa na jina jingine. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, yaani alitumia miaka thelathini kushika mikono midogo yenye jasho na kuielekeza namna ya kushika penseli. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walijua kuandika majina yao kwa sababu yake. Lakini mkono wake mwenyewe aliuhesabia kasoro moja: hauoteshi. Aliyemwambia hivyo ni mama yake mzazi, siku mchicha alioupanda Mwalimu ulipolala chini wote kwa mpigo.

"Mkono wako huu ni wa chaki, mwanangu," mama alisema. "Kazi yake kufuta."

Mama alikuwa anatania. Kina mama husema mambo kama hayo na kuyasahau kabla chai haijapoa. Asiyesahau ni mtoto, na Mwalimu, mtu mzima mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kutafutia ile ya kusomea, alikuwa bado hajasahau.

Sasa, mama huyo alikuwa na mgadenia chini ya dirisha la chumba chake. Asiyeujua mgadenia na aambiwe: ni kichaka cha mapambo, majani yake ni ya kijani kizito yanayong'aa kana kwamba mtu ameyapaka mafuta, na hayapukutiki kiangazi wala masika. Maua yake ni meupe, na harufu yake ikiingia ndani ya nyumba haiombi ruhusa. Mama alikuwa akichuma ua moja na kuliweka kwenye glasi ya maji karibu na kitanda. Mwalimu alikua akilala na kuamka ndani ya harufu hiyo. Aliukumbuka mgadenia wa mama yake kwa pua kuliko kwa macho, na hilo tutaliona linakotupeleka.

Mama alipofariki, nyumba ilipigwa alama ya kubomolewa ili barabara ipanuliwe. Mwalimu alikwenda siku moja kabla ya tingatinga, akakata vijiti vitatu, akavichomeka kwenye kopo la maziwa lenye udongo na kulibeba mapajani safari nzima kama mtu aliyepakata mtoto. Vijiti viwili vilikauka. Cha tatu kilishika. Alikipanda mbele ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chao, na kwa miaka miwili kikapanda taratibu hadi kikafika magotini, kikiwa na majani mazuri. Mwalimu alingoja ua. Hakuna kitu kingine alichokitaka kutoka kwa mama yake, wala hakikuwepo. Vyombo vilikwenda kwa huyu, kitanda kwa yule. Yeye alitaka kuamka tena asubuhi moja ndani ya harufu ile.

Hapo ndipo Fundi alipofunga duka.

Wiki ya kwanza alikaa barazani akiwaangalia wapita njia vichwa. Wiki ya pili akaanza kuwaambia. "Kijana, huko nyuma wamekuacha!" alimpigia kelele mtu aliyekuwa akienda zake kazini. "Mama, aliyekusuka upande wa kulia alikuwa na haraka!" Wiki ya tatu Mwalimu, ili kuokoa ujirani, alimshika mkono akampeleka chini ya dirisha.

"Huyu hapa," alimwambia. "Mtengeneze huyu. Hana pa kukimbilia."

Basi kila Jumamosi, siku iliyokuwa na wateja wengi kuliko zote enzi za duka, Fundi alitoa kigoda, akatandaza shuka jeupe chini ya mgadenia, akaunyunyizia maji kwa ile chupa yake ya dukani, akauchana kwa vidole na kuanza kukata. Tik, tik, tik. Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasogea tena kuondoa jani lililojifanya jeuri. Akimaliza, alikunja shuka na mabaki yake, akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Aliuzungumzia kama mtu: leo katulia, leo ana kiburi, leo kisogo kimenisumbua. Baada ya miezi michache mgadenia ulikuwa mviringo kama mpira, na watu waliopita waliupiga picha. Jirani mwenye gereji alisimama kila Jumamosi kuuangalia.

"Fundi, mimi mwenyewe sina kichwa kizuri hivyo," alisema.

"Hicho chako hata Mungu alikifanya Ijumaa jioni," Fundi alimjibu.

Kila mtu alifurahi. Ua tu ndilo halikuja.

Mwaka wa kwanza walisema bado mchanga. Mwaka wa pili walisema udongo. Mwaka wa tatu walibadilisha mbolea, wa nne wakamwaga majani ya chai shinani mpaka mgadenia ukanywa chai kuliko wao, na mwaka wa tano Mwalimu alianza kuusemesha, akiwa ameinama dirishani, kwa sauti ile ile aliyowasemeshea watoto waliogoma kutoka chini ya dawati. Mgadenia ulimsikiliza, ukang'aa, ukanyamaza.

Mwaka huo wa tano alikuja mgeni, mwalimu mwenzake wa zamani, akausifu mgadenia kisha akauliza, "Na huu hauchanui?"

"Ni mkono wangu huo," Mwalimu alisema akicheka. "Marehemu Mama alishasema. Mkono wa kufuta."

Wote walicheka. Mgeni alipoondoka Mwalimu aliingia jikoni kuosha vikombe viwili, akaviosha kwa muda mrefu sana. Fundi alimfuata, akasimama mlangoni, moyo ukamwuma kwa ajili yake.

"Mke wangu, usijisumbue," alimwambia. "Si kila mtu kapewa mkono."

Alisema kwa upole mno. Nalisema hili ili isije ikadhaniwa kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema, mwenye mkasi.

Mwaka wa sita majani yakaingia manjano, na wadudu weupe wadogo kama unga wakawa wanaruka kila yalipoguswa. Fundi alikwenda hadi kwenye kitalu kilicho nyuma ya kituo cha mafuta kumwona Mama Miche, mwanamke mpana, mcheshi, mwenye udongo kwenye kucha na jibu kwa kila jani. Alimweleza ugonjwa huo kama mtu anayemweleza daktari habari za mwanawe. Mama Miche alisema lazima aje amwone mgonjwa kwa macho, na akaja Jumamosi iliyofuata, Mwalimu akiwa kwenye mkutano wa walimu wastaafu, Fundi akiwa ndio kwanza amemaliza kazi na shuka bado liko chini.

"Shikamoo mzee. Nani kaunyoa huu?"

"Marahaba. Mimi," Fundi alisema, masharubu yakipanda kidogo.

"Unaunyoa kila baada ya muda gani?"

"Kila Jumamosi. Nikipitisha hata moja anaota mapembe."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na ua umeshaliona?"

"Ua hana. Mwalimu mwenyewe, mke wangu, hana mkono wa kuotesha, ndivyo alivyozaliwa."

Mama Miche alisogea karibu. Alichuchumaa kwenye shuka, akachambua majani kwa kidole kama anayechagua mchele, akainua kitu kidogo cha kijani, chembamba, kilichojisokota kama parafujo.

"Hiki ni nini?"

"Jani changa. Huwa yanajikunja hivyo kabla ya kufunguka."

Alikipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe pe.

"Hili ni tumba, mzee," alisema. "Ua hili. Mgadenia hubeba maua nchani, pale pale unapokata wewe. Unamwacha ajifungue kwanza, akimaliza ndipo unampunguza, tena mara moja kwa mwaka. Wewe unampasua tumbo kila wiki." Kisha akaangalia masharubu, akaangalia kigoda, akaangalia ile chupa ya maji ya kinyozi, na kicheko kikamshinda hadi akakaa chini kabisa. "Jamani! Jumamosi za miaka sita! Mzee, huyu angekuwa mtu angeshahama."

Fundi hakucheka. Alikuwa akiyaona kwa macho ya moyo yale mashuka yote aliyoyakunja na kuyamwaga nyuma ya nyumba, na ndani ya kila moja yale majani machanga yaliyojisokota. Alikuwa amefagia maua ya mama mkwe wake kwa miaka sita. Kisha likamjia lile la jikoni, vikombe viwili na upole wake wote, akatamani ardhi ipasuke. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Mwalimu kinachomla kilikuwa kinajifunika blanketi moja naye.

"Usimwambie Mwalimu," aliomba.

"Mimi nauza miche, sichuuzi maneno," Mama Miche alisema akijikung'uta. Akamwelekeza: maji ya sabuni kwa wale wadudu, unga wa kuongeza chuma kwa yale majani ya manjano, na mkasi kabatini. "Miezi minne, mitano. Hata akikuudhi vipi."

Fundi aliamua kwamba hatasema. Atauacha mgadenia uchanue kimyakimya, Mwalimu atafurahi, na ya kale hayanuki. Ulikuwa mpango mzuri, isipokuwa ulikuwa umesahau kwamba Mwalimu alikuwa na macho.

Jumamosi ya kwanza bila mkasi alisema amechoka. Ya pili alisema jua kali, na siku hiyo kulikuwa na mawingu. Ya tatu alikaa barazani ameilaza mapajani mikono yake miwili kama wageni waliokosa cha kuongea, na mgadenia pembeni yake ukiwa umeanza kusimamisha nywele. Mwalimu alimwangalia kupitia dirisha kwa muda. Kisha akampigia simu binti yao, ambaye ni nesi.

"Njoo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Baba yako hanyoi tena."

Binti alikuja mchana huo huo na mashine ya kupimia presha. Alimpima baba yake mkono wa kulia, akampima wa kushoto, akamwangalia ulimi.

"Baba, unalala vizuri?"

"Nalala."

"Chakula?"

"Nimekula mara mbili na sasa hivi nina njaa."

"Basi mbona umeuacha mgadenia?"

"Nimempa likizo," Fundi alisema. "Kila mfanyakazi ana haki ya likizo."

Mama na mwana walitazamana. Presha ilikuwa nzuri kuliko ya binti mwenyewe, lakini Mwalimu hakuridhika. Kuanzia siku hiyo alianza kumwekea Fundi kipande kikubwa cha nyama, kumwita "mume wangu" bila sababu na kumwuliza kama kuna mahali ambapo angependa kwenda kutembea. Fundi alikula ile nyama na kila tonge lilimkwama. Ukimkosea mtu akakununia, unapumua. Akikupendelea, ndipo unapokiona cha moto.

Miezi ilikwenda. Mgadenia ulisahau adabu zote. Ulitoa tawi huku, ukatoa tawi kule, moja likapanda hadi kioo cha dirisha na kuchungulia ndani. Jirani wa gereji alisimama siku moja akavua kofia.

"Fundi, mteja wako katoka jela?"

"Pita salama," Fundi alisema.

Aliteseka kweli. Aliacha kutokea mlango wa mbele. Alizungukia nyuma, kwa kuku, ili asiuone. Jumamosi moja ya mwezi wa nne bila mkasi, alipojisahau akapita mbele, tawi moja jeuri lililolalia njia lilimpiga shavuni, na uvumilivu ukamwisha. Alikwenda kabatini akautoa mkasi. Hili moja tu, alijiambia, hili si la maua, hili ni la ujeuri. Alilishika tawi kwa vidole viwili vya kushoto, akafungua mkasi, na pale pale nchani, kati ya majani mawili, akakiona kile kitu kilichojisokota kama parafujo. Alisimama hivyo, mkasi wazi, hadi mkono ukafa ganzi. Kisha akaurudisha mkasi kabatini, akafunga mlango wa kabati na kuuegemezea kigoda, kana kwamba mkasi ungetoka wenyewe.

Matumba yalikuwa matatu. Fundi, kwa furaha, aliumwagilia mgadenia asubuhi, mchana na jioni, na matumba mawili yakaanguka. Aliyaweka mfukoni akakimbia nayo kwa Mama Miche.

"Unamwagilia kama unaosha kichwa," Mama Miche alisema. "Mzee wangu, kazi ya kulea ua ni kuacha. Acha!"

Akaacha. Likabaki tumba moja, lile la tawi la dirishani.

Lilifunguka asubuhi ya siku ya kazi, siku isiyo na maana yoyote. Fundi alikuwa barazani mbele ya kioo chake, anapunguza masharubu, alipolisikia dirisha likifunguliwa. Kisha akaisikia sauti ya Mwalimu, ndogo, ya mtoto, ikisema, "Mama?"

Alimkuta ametoka nje na gauni la kulalia, bila viatu, bila hata miwani moja. Ua lilikuwa jeupe, kubwa kama kisahani, na harufu ilikuwa imeshajaa baraza, njia, hadi kwenye banda la kuku. Mwalimu hakuligusa. Alikumbuka kwamba mama yake hakuwa akiruhusu, maana petali za mgadenia zikiguswa na kidole hugeuka kahawia. Alisimama tu akalia, machozi yakimshuka bila kuyafuta, kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza nje ndani.

"Umeona?" alisema. "Mkono wangu haukufa. Ulichelewa tu."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, na Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kusema hongera.

"Nilidhani Mama ana kinyongo na mimi," Mwalimu aliendelea. "Miaka yote hii. Nilidhani kile kijiti nilikichukua na hakutaka nikichukue mimi, kwa mkono huu. Sasa nahisi amenisamehe."

Fundi alisikia kitu kinamvunjika ndani. Kumficha mkewe kosa lake mwenyewe, hilo aliliweza. Kumwachia marehemu alibebe, asiyekuwa na uwezo wa kujitetea, hapana.

"Mwalimu," alisema. "Mama hakuwa na kinyongo. Wala mkono wako haukuchelewa. Ni mimi."

Akamweleza yote. Alimweleza ya Mama Miche na shuka jeupe, ya tumba lililopasuliwa kwa ukucha, ya likizo ya uongo, hata ya yale mawili yaliyoanguka kwa maji. Aliyasema akiwa amesimama wima, mikono pembeni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Miaka sita," alisema.

"Sita."

"Na ukaniambia si kila mtu kapewa mkono."

"Nilisema."

"Ukiwa umeshika mkasi."

"Nikiwa nimeshika mkasi."

Mwalimu aliingia ndani. Fundi alikaa kwenye ngazi ya baraza, akasikia mlango wa kabati unafunguliwa, droo inavutwa, droo inarudishwa. Aliwaza kwamba anafungasha. Aliwaza atakavyompigia simu binti, na ataanzia wapi. Harufu ya mgadenia ilimzunguka pande zote, na alipenda kuivuta lakini akaona hana haki nayo.

Mwalimu alitoka akiwa amevaa miwani. Mkono mmoja alibeba kigoda, mwingine mkasi. Alikiweka kigoda chini ya dirisha, kikilitazama ua, akasimama nyuma yake na kungoja. Hakuwa anatabasamu. Fundi alikitazama kigoda, akautazama mkasi, akafuata yalikokuwa yanaelekea macho ya mkewe, na bila kutaka akayafunika masharubu kwa kiganja.

"Yote?" aliuliza.

"Miaka sita," Mwalimu alisema.

Hakukuwa na rufaa. Fundi aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na lile bakuli la bati la dukani limejaa maji. Alikaa kwenye kigoda, akachovya vidole, akayalowesha masharubu mwenyewe, taratibu, kulia na kushoto, kama wateja wake walivyokuwa wakifanya kwenye benchi chini ya maandishi mekundu. Mwalimu alimwona anavyofanya na midomo ikamcheza. Alijizuia kidogo, ikashindikana. Alicheka hadi akauegemea ukuta, na Fundi, aliyekuwa hajui kama anaruhusiwa, naye akaanza kucheka, akalia kidogo humo humo ndani ya kicheko.

"Tulia," Mwalimu alimwambia. "Utanifanya nikukate."

Alimshika kidevu kwa mkono wa kushoto, akakiinua kuelekea mwangaza. Alikishika kama alivyoshika vidole vya watoto elfu moja juu ya penseli, bila kubana, bila kuachia. Tik, tik, tik. Masharubu ya miaka thelathini na kitu yakaanguka kwenye gauni la kulalia. Jirani wa gereji alipita, akaona, akafungua mdomo, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga bila kusema kitu na kuendelea na safari. Fundi alifumba macho. Alikuwa amekaa upande ule mwingine wa mkasi mara chache sana maishani, na alijua, kama fundi anavyojua, kazi inapofanywa na mtu asiyeiweza. Alingoja ncha imchome. Haikumchoma. Upepo wa asubuhi ulimgusa mdomo wa juu, mahali ambapo haukuwa umemgusa tangu ujana, ukaja na harufu ya ua.

"Mwalimu," alisema, bado amefumba macho. "Una mkono mzuri."

Mkasi ulisimama kidogo.

"Nyamaza," Mwalimu alisema. "Sijamaliza."